Mashine Iliyopakwa Mafuta

Siku mliyoniaga mlinipa kiti kikubwa cha kuegemea, mkasema nikalie niandike niliyoyaona kazini. Kiti ni kizuri mno. Kila nikikikalia na kalamu, nalala. Kwa hiyo haya nayaandikia jikoni, juu ya kigoda, nikimshukuru Mungu kwa kiti na kwa kigoda pia.

Vyeo sitavisimulia. Nilipata viwili tu, na cha pili nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihamia ng'ambo bila kuaga. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kazi, halafu jinsi chuo chetu cha theolojia kule Karen kilivyoacha Windows kikaingia Linux. Ninyi vijana wa idara mmezikuta mashine zikifanya kazi, na nahisi mnadhani zilizaliwa hivyo.

Nilianzia River Road, mtaa wa maduka na mafundi mjini, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari, nikijifunza ufundi wa taipureta. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Gathogo, mtu mfupi, mpole, aliyefunga miwani yake kwa waya wa simu. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi mpya. Mama mmoja karani akaleta taipureta, akasema inakwama. Nikaipindua papo hapo, nikaanza kufungua skrubu. Mzee Gathogo akaichukua bisibisi mkononi mwangu, taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe, akaitia mfukoni mwake.

"Mashine imekuambia inaumwa wapi?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi keti. Mwenyewe apige, wewe tazama mikono."

Yule mama akaketi, akaweka mkoba wake upande wa kushoto wa mashine, akaanza kupiga barua. Kila alipokaribia mwisho wa mstari, ile sehemu ya juu inayobeba karatasi ilisogea kushoto, ikagonga mkoba, ikakwama. Mzee Gathogo akausogeza mkoba.

"Imepona," akasema.

Mama yule alikasirika kidogo, kwa maana alikuwa ameibeba mashine hiyo mgongoni tangu ofisini. Mimi nilipata elimu ambayo hakuna cheti changu kilichonipa. Bisibisi yangu nilirudishiwa baadaye sana, ikiwa imechakaa kwa kazi za mwalimu.

Kwa kutazama mikono nilijifunza pia jinsi makarani walivyoweka kichwa cha barua katikati ya karatasi. Kwenye taipureta kila herufi hukaa nafasi sawa, i nyembamba na m nene zote sawa. Karani alihesabu herufi, akagawa kwa mbili, akarudi nyuma hatua hizo kutoka katikati ya karatasi, kisha akapiga. Kichwa kilikaa palepale. Walifanya hivyo huku wakizungumza habari za harusi, bila hata kuangalia. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Taipureta zikapungua mjini. Mzee Gathogo akarudi kwao kufuga ng'ombe, akaniachia brashi yake ya nywele za farasi ya kusafishia. Mimi nikasomea kompyuta jioni katika chumba kimoja karibu na Adams Arcade, ambapo mwalimu alichora mashine ubaoni kwa sababu ile ya kweli ilikuwa moja na ilikuwa yake. Kwa neema ya Mungu chuo cha Karen kikanichukua. Siku yangu ya kwanza pale nilitembea chini ya miti, kimya kikiwa kingi hadi nikasikia viatu vyangu, nikafikiri: huku hata kompyuta zitakuwa na adabu.

Hazikuwa na adabu. Zilijaa programu zilizonunuliwa River Road, ndani ya CD zilizofungwa kwa gazeti kama nyama ya robo. Siku hizo hakuna chuo nilichokijua kilichofanya vingine, na muuzaji alikuwa mtu mstaarabu, aliyekuuliza hali ya watoto.

Mkuu wa chuo wa wakati huo, sasa ni marehemu, alikuwa na desturi ya kuweka wakfu kila kitu kipya: gari, viti, hata sufuria kubwa ya jikoni. Kompyuta mpya za ofisi zilipofika, zilipangwa mbele ya madhabahu kama wanafunzi wa kipaimara. Akaziombea moja moja, akazipaka mafuta. Mkono wake ulikuwa mkarimu. Kwenye mashine ya Mama Nduta, karani wa ofisi ya msajili, mafuta yalishuka hadi kwenye kibodi, na kitufe cha a kikaganda. Kiswahili bila a hakifiki popote. Nilikisafisha kwa spiriti na brashi ya Mzee Gathogo, nikiomba msamaha moyoni kila nilipofuta, kwa kuwa sikujua kama kufuta mafuta hayo ni usafi au ni kukufuru.

Miaka ikapita, mashine zikazeeka kwa amani. Mkuu mpya alikuwa Kasisi Mutua, mtu wa haki na mwepesi wa kucheka. Siku moja wageni wa heshima walijaa kanisani mwa chuo, naye akahubiri juu ya wizi. Nilikuwa nyuma, kwenye projekta. Alipofika kwenye maneno kwamba mwizi si yule wa usiku peke yake, pembeni ya ukuta pakatokea tangazo kutoka kwenye kompyuta: nakala hii ya Windows si halali. Nikafunika lenzi kwa mkono. Tangazo likatokea juu ya kucha zangu. Kisha skrini yote ikageuka nyeusi, isipokuwa tangazo.

Dakta Ochieng, mhadhiri wetu wa Agano la Kale, alikuwa ameketi mbele yangu. Akageuka polepole.

"Elder," akaninong'oneza, maana ndivyo walivyoniita kwa uzee wangu wa kanisa, "maandishi ukutani tena. Unakumbuka yule mfalme aliishia aje?"

Baada ya ibada Kasisi Mutua aliniita ofisini. Hakufoka. Alisema tu kwamba mgeni mmoja alimwuliza kama lile tangazo lilikuwa sehemu ya mahubiri, naye akajibu ndiyo.

"Sasa umenifanya niseme uongo juu ya wizi," akasema. "Tufanye nini? Za kununua hatuwezi."

Nikamweleza Linux: mfumo uliotengenezwa na watu wengi, unaotolewa bure, kwa ruhusa yao, na unaofaa hata mashine za zamani. Nilikuwa nikiutumia nyumbani. Akasema niueleze kwenye mkutano wa wafanyakazi.

Mkutano ule ulikuwa mgumu. Mhasibu alisimama akauliza, "Ati bure? Bure kabisa? Hiyo kitu lazima iko na kasoro."

Mwingine akasema vitu vya bure mjini humu huishia polisi. Wa tatu akataka kujua kwa nini nembo yake ni ndege asiyeruka.

Nikangoja wanyamaze. "Kwa heshima yote," nikasema, "hapa tunafundisha neema kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Leo mmepewa kitu cha bure, na mnatafuta mlango wa kutokea."

Kasisi Mutua alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatoa uamuzi: kufikia mahafali, kila ofisi iwe imehamia Linux. "Atakayeshindwa," akaongeza, bado akipangusa macho, "tutamtafutia kazi nyingine."

Hakumtaja mtu. Lakini kazi nyingine iliyokuwa wazi ilijulikana: kutunza stoo ya majoho nyuma ya jikoni. Watu wakamtazama Mama Nduta, na Mama Nduta akatazama mikono yake.

Ninyi mmemjua akiwa mtu mzima wa kuogopwa. Hata wakati huo alikuwa mkongwe wa chuo. Aliingia wakati wa taipureta, na kila cheti kilichotoka pale tangu hapo yeye ndiye aliyekiandikia jina. Vyeti vilichapwa kiwandani vikiwa na mapambo, muhuri wa dhahabu, na mstari mmoja mtupu. Kazi yake ilikuwa kuweka jina la mhitimu katikati ya mstari huo, kwa printa, bila kuharibu cheti, kwa sababu vililetwa kwa idadi kamili. Alizijua familia za wahitimu. Alijua nani aitwe kwa jina la babu na nani amegombana na babu. Kumpeleka stoo ya majoho kungekuwa kumzika akiwa hai, tena kati ya nguo nyeusi.

Nikaanza na ofisi nyingine. Maktaba ilikubali haraka. Mhasibu alinipigia simu asubuhi ya kwanza akidai kibodi imekufa. Nikaenda. Alikuwa akijaribu kuweka programu ya printa, mashine ikamwomba nenosiri kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, na alipoandika hakuna herufi iliyoonekana.

"Inakuona," nikamwambia. "Andika tu, ukimaliza bonyeza."

"Bila kuona chochote?"

"Bila kuona chochote."

"Elder, hiyo si kompyuta, hiyo ni imani."

Akaandika, ikakubali. Tangu siku hiyo alikuwa mhubiri wa Linux kuliko mimi, akiwaeleza wageni waliokuja kwa mambo ya karo.

Nilipofika kwa Mama Nduta na diski yangu, alisimama mbele ya meza.

"Hii haiguswi," akasema. "Iliombewa na marehemu Mkuu. Akaipaka mafuta, wewe mwenyewe ukayapangusa. Sasa ukifuta kila kitu ndani, hayo maombi yataenda wapi?"

Swali hilo nikalipeleka kwenye chai ya saa nne, mahali ambapo wahadhiri wetu walikuwa huru zaidi kuliko darasani. Ulikuwa ni mjadala mtamu. Dakta Ochieng alisema katika hema la kale vyombo vyenyewe vilipakwa mafuta, kwa hiyo wakfu umekaa kwenye sanduku la chuma na Linux haiwezi kuugusa. Mhadhiri wa mafundisho ya kanisa akasema wakfu humkaa mtu anayetumia chombo. Mhasibu akauliza, akiwa na mandazi mdomoni, kama maombi yanaweza kukaa ndani ya programu ya wizi. Wiki nzima chuo hakikuzungumza kingine. Kasisi Mutua akasema wakikubaliana wamletee jibu, ila mahafali hayatawangoja.

Na kweli hayakuwa yakingoja. Vyeti vilikuwa vimeshafika kutoka kiwandani, na joho la kwanza lilikuwa limeshaanikwa.

Msinione mwerevu kwa hatua iliyofuata. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi nikaiona brashi ya Mzee Gathogo kwenye kikombe, mahali nilipoiweka baada ya kusafishia mashine yangu ya kunyolea, na nikasikia aibu. Nilikuwa nimekwenda kwa Mama Nduta na diski mkononi, kama ile bisibisi ya siku ya kwanza River Road. Hata kuketi sikuketi.

Siku hiyo nilikwenda na vikombe viwili vya chai na mikono mitupu.

"Sikuja kufuta," nikamwambia. "Nimekuja kutazama ukifanya kazi."

"Kutazama nini?"

"Mikono."

Akafunga mlango, akaketi, akachukua jina la mhitimu wa kwanza. Nikaona. Aliandika jina, akagonga kitufe cha nafasi, tena na tena, jina likisogea kulia kama mlevi anayetafuta mlango wake. Akachapa kwenye karatasi ya kawaida. Akasimama, akaiweka karatasi juu ya cheti, akaviinua vyote kwenye kioo cha dirisha, jua likipenya, akaangalia kama jina limekaa juu ya mstari. Halikukaa. Akarudi, akapunguza nafasi, akachapa tena, akaenda dirishani tena. Jina moja tu, na chai yangu ilipoa.

"Hivi ndivyo unavyofanya kwa wote?"

"Wote." Aliketi. "Shuleni tulifundishwa kuhesabu, Elder. Unahesabu, unagawa, unarudi nyuma. Nilikuwa wa kwanza darasani. Halafu mkaniletea kompyuta, herufi zingine nene, zingine nyembamba, hesabu ikakataa. Sasa natumia jicho."

"Na maombi?"

Akakoroga chai iliyokuwa haina sukari ya kukoroga. "Maombi yapo. Lakini pia nilienda maktaba mchana, watu wakiwa ibadani, nikajaribu jina moja kwa hiyo Linux yako. Lilianguka juu ya muhuri."

Nilielewa. Fonti aliyoizoea haikuwepo kule, mashine ikachagua nyingine inayofanana nayo kwa sura lakini si kwa upana. Nafasi zake zote alizozipima kwa jicho zikawa bure. Angehama, angeanza upya kwa kila jina, mahafali yakiwa mlangoni.

"Utamwambia Mkuu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo.

"Nimwambie nini, Mama? Kwamba mashine haijui kuhesabu? Kosa ni la mashine."

Nikarudi alasiri na kompyuta ya akiba yenye Linux, nikaiweka kando ya yake bila kuigusa yake. Nikafungua ukurasa, nikachagua fonti ya aina ile ambayo kila herufi ina upana sawa, iliyotengenezwa kwa kufuata taipureta. Nikapima mstari wa cheti kwa rula, nikapanga ukurasa uanzie hapo. Kisha nikamwachia kiti.

"Hizi hazina nene wala nyembamba," nikamwambia. "Hesabu kama shuleni."

Aliangalia skrini. Midomo yake ikaanza kucheza. Alihesabu herufi za jina kwa ncha za vidole juu ya meza, akagawa, akarudi nyuma kutoka katikati, akapiga. Mikono ilienda haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Akachapa. Akaenda dirishani na karatasi na cheti.

Alibaki ameviinua, mgongo wake ukinielekea.

"Limeanguka?" nikauliza.

"Leta jina refu," akasema bila kugeuka. "Leta lile la yule kijana mwenye majina ya mababu wote."

Tukaleta. Akahesabu, akagawa, akapiga, akachapa, akaenda dirishani. Lilikaa katikati ya mstari, likiwa limeacha nafasi sawa pande zote mbili.

"Elder," akasema, "hii ni taipureta!"

"Ni taipureta."

"Sasa si ungesema tu ni taipureta, badala ya kutuletea habari za ndege?"

Majina yote yalimalizika kabla ya kengele ya chakula siku iliyofuata. Kazi iliyokuwa ikimla macho kila mwaka aliifanya huku akinisimulia harusi ya mpwa wake, bila hata kuangalia. Mkuu alipoletewa vyeti avitie sahihi, alikishika kimoja kwenye mwanga.

"Mbona vinafanana na vile vya zamani?"

"Vinafanana na vya kweli," Mama Nduta akajibu.

Akasema sasa mashine yake inaweza kufutwa, kwa sharti moja: iombewe tena. Wahadhiri walifurahi, maana walikuwa hawajapata jibu na sasa halikuhitajika. Kasisi Mutua akaja na kichupa cha mafuta, na mimi nikaja kama mzee wa kanisa wa kuitikia. Tukainamisha vichwa. Tulipoinua, tayari kwa mafuta, tukakuta kibodi imefunikwa mfuko wa nailoni, umekunjwa vizuri pembe zote nne.

"Paka sanduku, Mkuu," akasema Mama Nduta. "Hapa chini niachie mimi. Na yale maombi ya kwanza hayajafutika. Haya ni ya kuongeza."

Mkuu alipaka tone moja, pembeni, kwa uangalifu mkubwa.

Siku ya mahafali nilikaa nyuma ya Mama Nduta chini ya hema. Wahitimu walipita mmoja mmoja wakiinua vyeti vyao mbele ya kamera, jamaa wakipiga vigelegele. Yeye hakuangalia nyuso. Aliangalia mistari. Kila kimoja kilipopita alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu. Stoo ya majoho akapewa mwanamume aliyeiomba mwenyewe kwa sababu kuna kivuli.

Hayo ndiyo niliyotaka muyajue. Mtakapopigiwa simu kwamba mashine imekataa, msikimbilie ule ukurasa mweusi. Bebeni chai, mketi, mtazame mikono. Mara nyingine mtasogeza mkoba tu, na watu watawashukuru kana kwamba mmefufua mfu. Pokeeni shukrani hizo, kisha mzipeleke zinakostahili.

Kuhusu cheti changu cha kustaafu, mlichonipa pamoja na kiti: wazazi wangu walinipa jina la Methusela Nathanaeli Wanyonyi Makokha, na nilijua ni nani aliyekuwa na kazi ya kuliandika. Mama Nduta alinikabidhi mkononi, akasimama akinisubiri. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nilingoja nifike nyumbani ndipo nikatoa rula.

Limekaa katikati kabisa. Kesho yake asubuhi alinipigia simu. Hakunisalimu hata, aliuliza tu, "Umepima?"